Kidonge cha Maji Siku ya Kumuse

Siku ya tatu baada ya kumzika mume wangu kwao Bungoma, niliamka alfajiri, nikajimiminia kikombe cha maji, nikameza kidonge changu cha presha kama ninavyofanya kila siku. Kilipokwisha kupita kooni ndipo nikakumbuka ilikuwa siku gani.

Kidonge chenyewe ni kidogo, hakifiki ukubwa wa punje ya mahindi. Kazi yake ni kuzihimiza figo zitoe chumvi na maji ya ziada, ili damu ipunguze nguvu ya kugonga mishipa. Ni dawa nzuri, mimi sina ugomvi nayo. Lakini maji yakifukuzwa lazima yapate mahali pa kutokea. Nikimeza alfajiri, naanza kwenda chooni kabla ya saa mbili, na ninakwenda na kurudi mpaka karibu saa sita.

Na saa tatu asubuhi hiyo ilikuwa kumuse ya mume wangu.

Niwaeleze wasiotoka upande wa Bungoma, maana hata mimi nilielezwa. Watu wangu walitoka Nyeri wakapata shamba karibu na Kachibora, na kwetu mtu akishazikwa, watu hunywa chai wakaenda. Nyumbani kwa mume wangu, ng'ambo ya Kanduyi, mzee wa koo fulani akifa, mazishi hayatoshi. Siku ya tatu huja msemaji, mzee aliyerithi kazi hiyo kwa baba zake, na fimbo yake mkononi. Watu hukaa chini pande mbili, naye hutembea katikati akisema: ukoo ulitoka wapi, marehemu aliishi vipi, waliobaki waishi vipi. Anaposema, hakuna mtu kuinuka. Hakuna kwenda, hakuna kurudi, hakuna kukatiza mbele yake. Anayeinuka amejiitia mkosi, yeye na nyumba yake. Na msemaji hatazami saa. Anaweza kumaliza kwa saa mbili, anaweza kwenda nne.

Mjane hukaa mahali ambapo kila mtu anamwona.

Nilikaa kitandani na kikombe mkononi, nikamwambia marehemu, "Haya, umefurahi sasa?" Kwa maana mambo haya yalianza na yeye. Na kama nitasema ukweli wote, kabla yake yalianza na mdomo wangu.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la maziwa. Alijisifu kwamba anaweza kutoka Kitale hadi Bungoma bila kusimama ila kwa ng'ombe barabarani, na hata huyo ng'ombe alimwona kama amekosa adabu. Alipostaafu tukabaki na shamba letu la Saboti, mahindi na ng'ombe wawili, na yeye akawa anasimamia ng'ombe kama anavyosimamia injini. Kisha kichwa kikaanza kumuuma kisogoni asubuhi. Akapimwa presha mara tatu kwa siku tofauti, na mara zote mashine ikasema jambo lile lile. Daktari wa kliniki, mama mmoja kijana mwenye sauti ya upole, akampa kidonge cha maji.

Wiki ya kwanza mume wangu hakuamini. Aliingia na kutoka chooni mpaka kuku wakazoea kumpisha njia.

"Mama," aliniambia, "hii si dawa. Hii ni tanboi."

Tanboi ni yule msaidizi wa lori anayegonga bodi kumwambia dereva asimame. Tangu siku hiyo kidonge kikawa na jina. Tukiwa mezani akinyamaza ghafla na kuinuka, ninauliza, "Amegonga?" Naye anajibu akiwa tayari mlangoni, "Amegonga, na leo ana haraka."

Lakini presha ilishuka. Kichwa kikaacha kuuma. Miguu iliyokuwa ikivimba jioni ikarudi kuwa miguu. Baada ya mwezi hivi hata safari za chooni zikapungua, zikabaki za asubuhi tu. Nilimtania kila siku, na yeye alinitania kwa kukoroma kwangu, na hivyo ndivyo tulivyoishi. Watu wengine huambiana wanapendana. Sisi tulikuwa tukichekana.

Kisha kaka yake mkubwa akafa Bungoma.

Tulikwenda kwa pikapu yetu, yeye akiendesha, tumemeza chai na yeye amemeza tanboi wake. Kufika Kiminini, amegonga. Kufika Kamukuywa, amegonga. Kabla ya Webuye tulisimama tena kando ya shamba la miwa la mtu, nami nikashika zamu ya kutazama kama mwenye shamba anakuja. Tulipofika bomani watu walikuwa wameketi wakinywa chai, wenye huzuni, wamechoka kulia. Mjane wa kaka yake, ambaye amekuwa kama dada kwangu na ana ulimi kunishinda, akaniuliza safari ilikuwaje.

Nilitaka kumchekesha. Hilo ndilo lilikuwa kusudi langu, Mungu anajua.

"Safari ilikuwa nzuri," nikasema. "Tumekagua vyoo vyote kutoka Kitale mpaka hapa. Shemeji yako sasa ni afisa wa afya. Amebakiza tu kuandika ripoti."

Boma zima likacheka. Hata mjane alicheka mpaka akafuta machozi ya aina nyingine. Mume wangu pia alicheka. Lakini nilimwona akitazama kikombe chake cha chai, halafu akakiweka chini bila kukimaliza.

Asubuhi iliyofuata kidonge kilibaki kwenye karatasi yake.

"Mama," akaniambia kwa sauti ya chini, "mimi ndiye mkubwa sasa katika nyumba hii. Siku ya kumuse nitakaa mbele kabisa. Tanboi atabaki depo mpaka tumalize."

"Siku ngapi?"

"Mpaka kumuse. Nataka mwili uzoee."

Nikasema, "Sawa."

Ni neno fupi, na ndilo ninalolijutia kuliko yote niliyowahi kumwambia, hata yale ya hasira. Nilifikiri dawa ni kama mbolea. Ukichelewa wiki moja mahindi hayajui. Nilijua pia kwamba anaacha kwa sababu nilimwaibisha mbele ya ndugu zake, na kusema "acha ujinga, meza" kungekuwa kukubali kwamba nilimwaibisha. Kwa hiyo nikasema sawa.

Aliacha siku tano. Siku hizo tano tulikula nyama ya mazishi, yenye chumvi ya wapishi wanaopikia watu mia. Siku ya nne kisogo kilikuwa kinamuuma tena, na viatu vyake vya Jumapili havikuingia mguuni, akavifungua kamba mpaka mwisho na kuvivaa kama makopo. Siku ya kumuse alikaa mbele kabisa. Msemaji alisema kwa saa nne. Wanaume wazima walijikuna, walihamisha uzito kutoka tako moja hadi jingine, walifumba macho. Mume wangu hakutikisika. Alikaa kama jiwe la kusagia. Niliona mshipa ukipiga pembeni ya paji lake la uso, nikauhesabu, nikaacha kuuhesabu kwa woga.

Watu walimsifu. "Huyo ndiye mzee," walisema. Yeye akanitazama kwa mbali na kuinua nyusi, kama kusema, unaona? Nani afisa wa afya sasa?

Kosa la pili alilifanya nyumbani Saboti, peke yake, na lilikuwa kosa la dereva. Asubuhi ya kwanza baada ya kurudi, nilipokuwa nikikamua, alichukua vidonge vitano vya siku alizoruka, akaongeza cha siku hiyo, akameza vyote sita. Baadaye aliniambia alivyofikiri: ukikosa safari za wiki, unapiga safari mbilimbili mpaka maziwa yote yafike kiwandani.

Kufikia saa nne tanboi sita walikuwa wakigonga kwa pamoja. Alikwenda chooni mara ambazo hatukuzihesabu. Midomo ikakauka. Nikampa maji, akakataa, akasema ni upuuzi kumwaga maji ndani ya tangi ambalo mtu analitoboa makusudi. Ndama alikuwa amefungua kamba, mume wangu akaketi kwenye kigoda kumfunga. Alipoinuka haraka kwenda chooni, misuli ya miguu ikajikaza, akashika hewa akidhani ni ukuta, akaanguka kifudifudi mlangoni mwa choo.

Nilimgeuza. Alikuwa baridi na amelowa jasho, macho yakinitafuta na kunipita. Nikaita majirani. Nakumbuka nilikuwa nimeshika kiatu chake kimoja, kile cha Jumapili, sijui nilikitoa wapi.

Hospitalini Kitale walimtundikia maji, wakatoa damu kupima. Kufikia jioni alikuwa ameanza kulalamika juu ya shuka, nikajua atapona. Siku ya pili yake tulipelekwa kwa yule yule daktari wa kliniki. Aliketi mbele yetu na karatasi za vipimo. Alikuwa na umri wa binti yetu wa pili, na nilitamani atugombeze, maana tulistahili, lakini hakutugombeza.

"Baba," alisema, "hii dawa inatoa maji na chumvi. Lakini chumvi si moja. Kuna ile ya mezani, na kuna nyingine ndani ya damu, inaitwa potasiamu. Ndiyo inafanya misuli ifanye kazi, hata moyo. Ukimeza nyingi, zote zinatoka. Yako ilikuwa imeshuka sana. Ungeweza kuondoka."

"Kwa ajili ya kukojoa?" mume wangu akauliza.

"Kwa ajili ya kukojoa."

Kisha daktari akauliza kwa nini aliacha dawa siku tano, na mume wangu akatazama dirishani. Ikabidi mimi niseme. Nilieleza kumuse, na kukaa bila kuinuka, na vyoo vya njiani, na jinsi nilivyowachekesha watu. Sikuacha kitu.

Daktari akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo shida ilikuwa ni saa nne za asubuhi moja?"

"Ndiyo."

"Si ungekuja uniulize? Ningekwambia siku hiyo moja uimeze mchana ukimaliza. Basi. Asubuhi tunawaambia ili msiamke usiku. Haiachwi, inasogezwa. Na ukisahau siku moja, iliyosahauliwa imepita. Unaendelea na ya leo. Mbili kwa pamoja, hapana."

Mume wangu aligeuka akanitazama, nami nikamtazama. Watu wazima wawili, wazazi wa watoto watano. Ilikuwa haijatupitia akilini kabisa kwamba jambo kama hilo linaweza kuulizwa. Tulidhani daktari anaulizwa mambo ya ugonjwa tu, na kumuse si ugonjwa.

Alituambia mengine, nami niliyaandika nyuma ya daftari la maziwa. Mtu wa dawa hii asiinuke ghafla. Akae kwanza ukingoni mwa kitanda. Akiharisha au kutapika, asisubiri mwili ukauke, aende akaulize kama aisimamishe dawa kwanza. Asinunue dukani vidonge vya maumivu kiholela, maana vingine vikikutana na hii vinaumiza figo. Damu ipimwe mara kwa mara, kuangalia chumvi na figo na sukari. Kidole gumba cha mguu kikivimba na kuwaka moto, aseme, maana dawa hii huweza kuleta jongo. Ndizi na parachichi ni vizuri kwake, kwa kuwa figo zake zilikuwa nzima. Wengine wenye figo mbovu wasiige. Na dawa ya mtu ni ya mtu, haigawiwi kama ugoro.

Tukiwa njiani kurudi Saboti mume wangu akasema, "Watu wa Bungoma wasijue."

"Wasijue nini?"

"Kwamba nilikaa kama jiwe kwa sababu tangi lilikuwa halijafunguliwa."

Nikamwahidi. Nami nikaacha kumtania kuhusu choo. Siku tatu hivi zilipita, nyumba ikawa kimya mno. Siku ya nne aliinuka mezani, akasimama mlangoni, akanigeukia.

"Huulizi?"

"Niulize nini?"

"Kama amegonga! Mbona unanitendea kama mgeni?"

Basi tukarudia hali yetu.

Mwaka uliofuata nilimsindikiza kliniki, na muuguzi, kwa kuwa mstari ulikuwa mfupi, akanifunga mkono mimi pia. Akapima mara moja, akapima mara mbili. Baada ya mwezi nikawa na karatasi yangu ya vidonge vidogo vyeupe. Mume wangu alifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Asubuhi ya kwanza aliweka vikombe viwili mezani, akainua chake.

"Karibu kwenye barabara," akasema. "Kiminini kuna choo kizuri."

Hivyo tukawa tunameza pamoja, kila alfajiri, kabla ya kukamua. Vikombe viwili vya bati, chake chenye mkwaruzo penye kishikio. Miaka mitatu. Sasa nikihesabu ninachokikosa, si mazungumzo makubwa. Ni ile sauti ya kikombe cha pili kikiwekwa mezani.

Aliugua mapafu msimu wa mvua, wiki mbili, akaondoka. Watu walisema ni presha. Haikuwa presha. Presha yake ilikuwa nzuri mpaka mwisho, na daktari aliniambia hivyo, nami ninasema hapa kwa sababu yeye mwenyewe angetaka ijulikane. Alikuwa amehangaika nayo.

Ndiyo maana mkono wangu ulijiendea wenyewe alfajiri ile ya kumuse. Usiku uliotangulia nilikuwa nimejipanga vizuri kabisa. Nilikuwa nimempigia daktari simu kabla ya kutoka Kitale, akaniambia nimeze mchana, msemaji akishaondoka. Nilijua. Lakini nilikuwa nimelala kidogo, na nilipofungua macho kikombe kilikuwa pale, na mwili ukafanya ambacho umekuwa ukifanya na yule mtu kwa miaka mitatu. Kikombe kimoja tu, lakini mwili haukuhesabu.

Mjane wa kaka yake aliingia na chai akanikuta.

"Mbona uso kama umemeza sindano?"

"Nimemeza kidonge."

"Cha nini?"

"Cha maji."

Aliweka chai chini. Akafunika mdomo kwa mikono miwili, akaegemea ukuta, mabega yakaanza kutikisika. "Leo? Wee mama, leo? Siku zote Mungu alizoziumba?"

"Cheka ukimaliza unisaidie."

"Tia kidole kooni kitoke!"

"Sitii."

"Basi usinywe hata tone. Hii chai naondoka nayo."

"Leta hapa chai yangu. Kuna mtu alikataa maji akaanguka mlangoni mwa choo." Nilijiuma ulimi, maana nilikuwa nimeahidi. Lakini yeye alikuwa bado anacheka na hakuuliza ni nani.

Nilikuwa na njia mbili. Nikae mbele, niinuke katikati, na watoto wangu waambiwe maisha yao yote kwamba mama yao alikatiza kumuse ya baba yao. Au nikae nisiinuke, na yatakayotokea yaonekane na wakwe, majirani, na mchungaji. Niliwaza ya pili kwa muda, na kwa kweli nilimsikia marehemu akicheka.

Kisha nikakumbuka maneno ya daktari. Si ungeuliza?

Msemaji alikuwa amefika mapema, amewekwa nyumba ya jirani asubiri. Mjane mwenzangu alikataa katakata kunisindikiza. "Mimi siwezi kumpelekea mzee kama yule maneno ya mkojo." Nikaenda peke yangu, nguo nyeusi, kichwa kimefungwa. Alikuwa ameketi kwenye kiti, fimbo magotini, mzee mwenye nyusi nyeupe. Nikamsalimu, nikamwambia yote kwa pumzi moja nikitazama miguu yake.

Aliisimika fimbo chini, akaniinamia.

"Chako ni cheupe?" akauliza.

"Ni cheupe, mzee."

"Kidogo? Kina mstari katikati?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa polepole. "Mimi, siku kama hii, humeza saa nane. Nikishafika kwangu. Daktari wangu alinipa ruhusa."

Nikainua macho. Hakuwa anacheka, lakini nyusi zilikuwa zinafanya kazi.

"Kwani wewe hukuambiwa, mayi?" Ndivyo wanavyomwita mama kwa lugha yao.

"Niliambiwa. Ni mazoea tu. Tulikuwa tunameza wawili."

Hapo akatazama pembeni. Kisha akasema, "Nyumba ni ya marehemu, na wewe ni wa nyumba. Kaa ndani, dirisha wazi, nitasimama upande huo. Aliye ndani hanikatizi. Ila usivuke kizingiti mpaka nimeondoka."

Mjane mwenzangu akaniletea ndoo ya rangi yenye kifuniko, akaiweka nyuma ya mlango kwa heshima zote, kama mtu anayeweka sadaka. "Funika kila mara," akaninong'oneza. "Dirisha liko wazi."

Hivyo ndivyo nilivyohudhuria kumuse ya mume wangu. Nilikaa kwenye kigoda chini ya dirisha, nikiona migongo ya watu na fimbo ikipita na kurudi. Alipokuwa akitaja mababu, tanboi akagonga. Alipofika kwenye baba mkwe, akagonga tena. Mara ya tatu nilikuwa nimekaa kwenye ndoo kabisa aliposimama karibu na dirisha, akapaza sauti.

"Kaka yake alipotutoka," akasema, "nilisimama katika boma hili hili. Huyu mtu alikaa hapa, mbele yangu, saa nne. Hakutikisa kidole. Nimesema katika maboma mengi, sijaona mwingine akikaa vile. Ninyi mliobaki, kaeni kama yeye."

Watu walinguruma kukubali. Mimi niliuma ncha ya kitambaa. Nilikuwa ninalia na ninacheka, na sikuweza kuinuka. Mume wangu alikuwa anasifiwa mbele ya ukoo wote kwa siku tano zilizokaribia kumuua, na mimi niliyejua nilikuwa juu ya ndoo ya rangi.

Ilipokaribia saa sita msemaji alimaliza, akaenda moja kwa moja kwenye gari bila kuaga mtu, bila kugeuka nyuma. Ndiyo desturi. Lakini siku hiyo nilihisi desturi ilikuwa pia na haraka zake.

Shemeji yangu mdogo, wa mwisho kuzaliwa kwao, akaja dirishani. Yeye sasa ndiye mkubwa katika ile nyumba. Uso wake ulikuwa umejaa, macho mekundu.

"Shemeji, umesikia alivyosifiwa? Hata mimi nimejaribu. Umeniona? Sijasonga hata kidogo."

Nilitazama chini. Alikuwa amevaa kandambili, na mikanda ilikuwa imezama ndani ya miguu.

"Wewe unameza dawa ya presha," nikasema.

"Eh."

"Lini mara ya mwisho?"

Akakuna shingo. "Kabla ya mazishi. Si nilitaka kukaa kama yeye, bana. Lakini usijali, nimehifadhi zote, nitazimeza leo jioni."

Nilikuwa nimeahidi. Niliahidi njiani, kwenye pikapu, na mtu niliyemwahidi yuko ardhini hatua thelathini kutoka pale nilipokuwa nimesimama. Nilitazama upande wa kaburi, udongo bado mwekundu. Kisha nikasema, "Sogea karibu."

Nikamwambia. Vyoo vya njiani, utani wangu, neno langu la "sawa", viatu vilivyofunguliwa kamba, vidonge sita, mlango wa choo, kile kiatu mkononi mwangu. Mwanzoni alicheka, nikamwacha acheke, maana mahali pa kucheka pako. Kisha akaacha.

"Kumbe hakukaa kama jiwe."

"Alikaa. Lakini nusura awe jiwe kweli."

"Na mimi nimefuata."

"Umefuata. Sasa nenda nyumbani kwako umeze kimoja. Kimoja tu, cha leo. Hivyo vingine vimepita. Unywe maji. Na kesho ukapimwe Bungoma, mimi nitakwenda na wewe."

"Nitameza baada ya kula."

"Shemeji."

Alinitazama. Sijui aliona nini, labda uso wa mtu aliyewahi kusema sawa. Akageuka akaenda, miguu ikiburuta, kupita kwenye migomba kuelekea kwake.

Nilivuka kizingiti, nikatoka nje kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Tulikula. Mchana ukaenda. Tulikuwa tunaosha masufuria, mimi na mjane mwenzangu, tulipomwona shemeji mdogo akitoka nyumbani kwake kwa mwendo wa mtu anayefukuzwa, mkono mmoja kwenye mkanda wa suruali. Akatupita bila salamu, akaingia chooni, akavuta mlango kwa kishindo.

"Na huyu naye ana nini?" akauliza mwenzangu.

"Tanboi amegonga," nikasema.

Hakuelewa, na mimi nilikuwa nimeanza kucheka, sufuria mkononi, nisiweze kumweleza.